Mtoto Akililia Kioo

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Nimeusikia msemo huu tangu utotoni na sikuwahi kuupenda, kwa sababu naona ndani yake uchovu wa mtu mzima kuliko hekima yake: mwache ajikate, akijikata atajua. Lakini kuna jambo baya zaidi ya kumpa mtoto wembe na kumwacha peke yake. Nalo ni kumnyang'anya wembe huo, ukampa mtoto wa mgeni, kisha ukamwekea na mwalimu wa kumfundisha namna ya kuushika.

Naandika haya nikitoka Jambiani, kwa dada yangu. Mpwa wangu ana miaka 11. Asubuhi yuko skuli, jioni yuko chuoni, na baina ya viwili hivyo ana saa mbili zake mwenyewe ambazo, kwa miezi kadhaa sasa, amekuwa akizitumia nyuma ya nyumba akihangaika na chupa. Chupa Jambiani hazitafutwi. Zile za soda na za bia za hapa nchini hurudi kiwandani kwa sababu zina amana yake. Lakini za mvinyo na pombe kali zinazotoka ng'ambo hazina pa kurudi. Zimesafiri bahari nzima kuja kunywewa ufukweni petu, na zikishamalizwa hubaki nasi: kwenye mashimo, kwenye vichaka vya nyuma ya mahoteli, na nyingine zimevunjika njiani pale wanapopita akina mama wakienda kwenye mwani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na sisi wenyewe, kwa sensa ya 2022, hatujafika milioni mbili. Msomaji apige hesabu ya chupa mwenyewe.

Hoteli moja kijijini, ambayo sitaitaja, huwa na saa ya kazi za mikono kwa watoto wa wageni. Bei yake imeandikwa kwa dola. Watoto huvishwa miwani ya kinga na glavu, hukaa juu ya jamvi kivulini, na fundi huwaonyesha namna ya kuikata chupa ikawa bilauri na namna ya kutunga vipande vya kioo vikawa pambo la dirishani. Kazi zao nyingi hutoka zimepinda, kama inavyostahiki kazi ya mtoto, na wazazi wao huzipigia makofi na kuzipiga picha. Mpwa wangu alikuwa akiyatazama haya nyuma ya uzio wa makuti, siku baada ya siku, mpaka mlinzi alipomwambia, "Ondoka hapo, si pahala pako." Mlinzi huyo naye ni mtoto wa kijiji hicho hicho. Na baadhi ya chupa zilizokuwa zikikatwa pale ndani, mpwa wangu na wenzake ndio waliozibeba kuzipeleka.

Alichokiona kwa macho alikwenda kukijaribu kwa mikono, bila almasi ya kukatia vioo, bila miwani, bila glavu. Alitumia njia aliyoelezwa na wakubwa wake wa mtaani: uzi unachovywa mafuta ya taa, unafungwa kwenye chupa, unatiwa moto, kisha chupa inatumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Mara nyingine chupa hukatika sawasawa, mara nyingine hupasuka vipande. Siku moja ilipasuka, ikamchana kiganja, akashonwa nyuzi tatu. Dada yangu akazikusanya chupa zote akazitupa shimoni.

Nilipofika, mtoto alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Mjomba, mwambie mama." Nami, mtu ninayesimama mbele ya vijana kila wiki nikihubiri ukombozi wa fikra, nilimjibu kwa sentensi niliyoirithi bila kuichunguza: "Soma kwanza, mwanangu. Hayo mengine baadaye."

Hakubishana. Aliingia chumbani akatoka na bilauri moja ya kijani aliyokuwa ameificha ndani ya mkoba wa skuli. Ukingo wake ulikuwa laini kama kauri. Alikuwa ameusugua kwa jiwe na maji kwa siku nne. Akaiweka mkononi mwangu akaniuliza, "Na hii si kusoma?"

Makala haya ni jibu langu kwake, nalo limechelewa.

Tumewajengea watoto wa maskini nyumba yenye milango miwili tu. Mlango wa kwanza umeandikwa Mtihani. Jambo lolote analolipenda mtoto, kama haliulizwi kwenye mtihani, ni mchezo, na mchezo ni adui wa maisha yake. Mlango wa pili umeandikwa Shilingi. Huu ni wa wema wetu sisi wanaharakati na wafadhili wetu. Tukimwona mtoto ana mkono mwepesi, hatumwulizi anapenda nini, tunamwuliza atauza wapi. Tunamwita kwenye semina, tunamvisha fulana yenye nembo, tunamfundisha ujasiriamali kabla hajamaliza kufurahia kitu alichokitengeneza. Kati ya milango hiyo miwili hakuna hata dirisha la mtoto kupenda kitu kwa sababu anakipenda.

Kiswahili kinalo neno la jambo hilo: uraibu. Tunalitumia kwa watoto wa nani? Mtoto wa mwenye nacho akipenda kinanda, tunasema ana kipaji na tunamtafutia mwalimu. Mtoto wa mvuvi akipenda chupa, tunasema anapoteza muda. Kitendo ni kile kile, mikono ni ile ile, na ufukwe ni ule ule. Kilichobadilika ni mfuko wa baba yake. Kwa hiyo ninaposema kwamba mpwa wangu ananyimwa haki, sizungumzii huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa. Hausemi "mtoto aliyelipiwa dola".

Wapo watakaoniambia kwamba uraibu ni tabia ya kigeni, na kwamba watoto wetu hawana muda wa anasa. Nawaomba waende Jambiani maji yakiwa yametoka. Watawakuta watoto wakishindanisha ngalawa ndogo walizozichonga wenyewe, zenye mrengu wake na tanga la mfuko wa plastiki. Hakuna aliyewafundisha darasani na hakuna aliyewadai andiko la mradi. Lakini mtoto anayerekebisha tanga lake kwa sababu ngalawa ilielemea upande mmoja anafanya kazi ile ile inayofanywa na fundi, na mafundi wengi wa vyombo pwani hii walianza hivyo hivyo. Mchezo ndio uliokuwa skuli ya ufundi wetu kabla hatujapata vyeti. Leo tumeleta vyeti tukaupiga marufuku mchezo, kisha tunashangaa mafundi wamekwenda wapi.

Sasa nizungumzie kioo chenyewe, maana hapa kuna historia ambayo mwanafunzi wa Zanzibar hana budi kuijua.

Kusini mwa kisiwa hiki hiki, upande wa magharibi, ipo Unguja Ukuu. Wanaakiolojia waliochimba pale wamefukua shanga za kioo na vigae vya vyombo vya kioo vya milenia ya kwanza. Uchunguzi wa kemia ya shanga hizo umeonyesha kwamba nyingi zilitoka Asia Kusini na nyingine Mesopotamia. Kwa maneno mengine, mkono wa Mswahili umeshika kioo kwa zaidi ya miaka 1,000. Lakini ulikishika kikiwa kimekwisha kutengenezwa na wengine.

Songa mbele hadi karne ya 19. Richard Burton, Mwingereza aliyeanzia Unguja safari yake ya bara mwaka 1857, aliandika kuwa aina za shanga zilizokuwa zikitumika katika biashara ya misafara zilifika kama 400, na kila aina ilikuwa na jina lake na mahali pake inapopendwa. Ile nyekundu, samsam, ilipachikwa jina la kivunja mji kwa namna ilivyotamaniwa. Nyingi ya shanga hizo zilitoka Venice. Zilipakuliwa hapa Mjini, zikahesabiwa hapa, zikatungwa kwenye nyuzi hapa, kisha zikabebwa na wapagazi hadi maziwa makuu kulipia pembe za ndovu. Nyingine, kwa aibu yetu, zilikuwa sehemu ya biashara iliyowatia wanadamu minyororo.

Venice hizo zilitoka sehemu gani hasa? Kitovu chake ni Murano, kisiwa kidogo sana. Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamie huko, na baadaye mafundi wakakatazwa kuondoka na siri ya kazi yao. Hebu tuitafakari picha hiyo: kisiwa kimoja kilitengeneza shanga, na kisiwa kingine kikazihesabu. Waliotengeneza bado wanaishi kwa jina la kioo chao mpaka leo. Sisi tuliohesabu tumebaki na vioo vya rangi juu ya milango ya Mji Mkongwe, ambavyo vikivunjika hatujui kuvirudishia.

Najua jibu litakalotolewa na ofisa mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta: Zanzibar haina mali ghafi. Ni kweli kwamba mchanga mweupe wa Jambiani, ambao wageni huusifu, si mchanga wa kioo. Ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari, yaani chokaa, ilhali kioo kinataka mchanga wa silika, magadi, na chokaa kidogo. Lakini Murano nayo haikuwa na kitu. Mawe yake ya silika yaliletwa kutoka mito ya bara, na majivu yake ya magadi yaliletwa kwa merikebu kutoka Shamu. Walichokuwa nacho ni watu waliokulia karibu na tanuri. Nasi hatuhitaji hata kuagiza mchanga, kwa sababu kioo kimekwisha kuletwa kwetu bure, kimelala vichakani, kikingojea mtu wa kukitambua.

Wapo waliokitambua. Hapa Unguja ipo karakana ya Chako, inayogeuza chupa za mahoteli kuwa bilauri na taa kwa mikono ya Wazanzibari, wengi wao wanawake. Arusha ipo Shanga, ambako watu wenye ulemavu hupuliza kioo kilichoyeyushwa kutokana na chupa. Nje kidogo ya Nairobi ipo Kitengela, iliyoanzishwa na Nani Croze kwa kazi za vioo vya rangi, na ambako mwanawe Anselm alijenga tanuri la kuyeyushia vioo chakavu. Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi. Mama alikuwa na karakana, na mtoto akakulia ndani yake. Hatuhitaji nadharia ngumu kueleza jinsi ufundi unavyorithiwa. Tunahitaji kuuliza ni watoto wa nani wanaoruhusiwa kuingia karakana wakiwa bado na umri wa kuharibu vitu.

Tukikataa, tutapata lile tulilokwisha kulipata kwa mwani. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Akina mama wetu wamesimama ndani ya maji tangu wakati huo, wakifunga na kufungua, wakianika na kutia magunia, na sehemu kubwa ya mwani huo huondoka mkavu vile vile kwenda kuongezwa thamani kwa watu, kwa bei isiyopangwa hapa. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Ni wangapi kati yao waliowahi kupewa nafasi, wakiwa na miaka 11, kuuchemsha mwani huo jikoni na kuona unageuka nini? Anayefundishwa kubeba tu atabeba mwani, atabeba shanga, na atabeba chupa.

Turudi kwenye swali la mtoto. Je, kusugua chupa ni kusoma?

Aliniuliza jambo jingine kabla hatujalala. Alikuwa amechukua vipande vya chupa mbili, ya kijani na ya kahawia, akavifukia kwenye makaa ya vifuu na kuvipulizia moto nusu siku, akitaka vishikamane. Vililainika vikashikana kidogo, alivyoniambia. Vilipopoa vikaachana kwa mlio. "Mjomba, kwa nini zinakataana?" Nina shahada tatu. Sikujua. Ilinibidi nirudi Mjini nikasome ndipo nielewe kwamba vioo vya viwanda tofauti havina mchanganyiko mmoja, kwa hiyo havitanuki na kusinyaa kwa kiasi kimoja. Vikiwa moto huungana, vikipoa kila kimoja huvuta upande wake mpaka vikapasuka. Na hata kioo cha aina moja, kikitolewa motoni na kuachwa kwenye upepo, ngozi yake hupoa kabla ya moyo wake, kikabeba mvutano ndani kwa ndani, na baadaye hupasuka bila kuguswa. Ndiyo maana mafundi hukipoza polepole ndani ya tanuri, kuanzia nyuzi kama 500 za Selsiasi kushuka, kwa saa nyingi.

Hiyo ni fizikia. Mtoto wa darasa la tano aliifikia kwa njia ya makaa na uchungu wa kazi yake kuharibika. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huifikia kwa kunakili ubaoni, akaisahau siku ya pili baada ya mtihani. Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu: anayesema uraibu unamwibia mtoto muda wa masomo aniambie kwanza masomo ni kitu gani.

Zipo hoja za upande wa pili zinazostahili heshima, nami sitazikimbia.

Ya kwanza ni hatari. Kioo hukata, na vumbi lake likivutwa mara kwa mara huumiza mapafu. Nyuzi tatu kwenye kiganja cha mpwa wangu si hadithi. Lakini tuwe wakweli. Mtoto huyo huyo hupewa panga kukata nyasi, hupewa kisu kuparua samaki, na hutumwa mwambani kutafuta pweza maji yanapotoka. Hatuogopi makali, tunaogopa makali tusiyoyazoea. Dawa ya hatari ya kioo inajulikana na si ghali: miwani ya kinga, glavu, viatu vilivyofunika vidole, almasi badala ya uzi wa moto, na msasa unaotumiwa ukiwa umeroweshwa ili vumbi lisiruke. Juu ya yote, mtu mzima aliyekaa pembeni. Mpwa wangu hakukatwa na kioo. Alikatwa na upweke wa kujifunza bila mtu.

Ya pili ni ajira ya watoto. Hapa nasimama pamoja na wapinzani wangu bila kusita. Sitaki kumwona mtoto wa Jambiani akitembeza taa za chupa ufukweni saa za skuli, akikimbizana na mapapasi kumbembeleza mgeni. Sitaki karakana inayoita watoto "wanafunzi" ili isiwalipe. Lakini hofu hii inathibitisha hoja yangu badala ya kuivunja. Kinachomgeuza mtoto kuwa kibarua ni sisi watu wazima kudai kwamba kila kitu anachokishika kilete fedha. Tukiuacha uraibu ubaki uraibu, yaani saa mbili zake, kwa hiari yake, kitu anachoweza kukiacha kesho bila kuulizwa, tutakuwa tumemlinda kuliko tunavyomlinda kwa kumtupia chupa zake shimoni.

Ya tatu aliitoa dada yangu mwenyewe: hizo ni chupa za ulevi, na hataki ziingie uwanjani kwake. Namheshimu kwa hilo, na nyumba ni yake. Nilimwambia hili tu: pombe imenywewa na wengine, faida yake imekwenda kwa wengine, na kilichobaki kijijini ni chupa. Sioni kwa nini dhambi ya mnywaji abebeshwe mtoto anayeiosha chupa hiyo kwa maji na mchanga, akaigeuza taa ya kusomea. Hakunijibu, lakini hakunikatisha.

Nimalizie kwa wenye mamlaka, maana najua baadhi yao hunisoma, hata kama hawasemi.

Sisi Wazanzibari tunalo neno zuri ambalo Bara wameliazima majuzi tu katika sera yao ya elimu, toleo la mwaka 2023: amali. Wizara yetu imelibeba kwenye jina lake. Vituo vya mafunzo ya amali vipo, hata Makunduchi, jirani ya Jambiani. Lakini tumeifanya amali kuwa nini? Tumeifanya kikapu cha waliodondoka. Mtoto hafikirii kwenda huko mpaka atangaziwe kwamba ameshindwa kwingine, na anapofika ana miaka 17 au 18, mkono umekwisha kuwa mgumu na udadisi umekwisha kuzimwa. Udongo uwahi ungali maji, na kioo nacho hupindwa kikiwa moto. Sisi tunasubiri kipoe, kisha tunakigonga kwa nyundo tukisema hakifai.

Ninachodai hakihitaji mkopo wa benki yoyote. Kwanza, kila hoteli ya pwani inayotupa chupa zake kijijini, na kila inayofundisha watoto wa wageni kwa kutumia chupa hizo, ifungue uzio wake walau asubuhi moja ya Jumamosi kwa watoto wa kijiji, kwa miwani ile ile, glavu zile zile na fundi yule yule. Isiite jambo hilo hisani, kwa kuwa ni kodi ya mahali ilipojenga. Pili, masheha na kamati za skuli waliweke jambo hili mezani wanapozungumza na wawekezaji, badala ya kuomba madawati peke yake. Tatu, vituo vya amali vifungue milango yake jioni na wakati wa likizo kwa watoto wadogo, bila cheti, bila mtihani na bila ada, waje waone tu jinsi kitu kinavyofanywa. Nne, sisi wazazi na wajomba tujifunze kujizuia ulimi kabla ya kusema "soma kwanza".

Na nyinyi wanafunzi wangu, mnaopenda kuniuliza mapinduzi yaanzie wapi: mtoto ambaye hajawahi kutengeneza kitu kwa mikono yake atakuwa mtu mzima anayeamini kwamba vitu hutoka dukani na mawazo hutoka ng'ambo. Mtu huyo humhitaji kumtawala kwa nguvu. Anangojea meli mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilipita Darajani nikanunua miwani, glavu, almasi ya kukatia vioo na msasa, nikarudi Jambiani. Dada yangu alikubali kwa masharti: ni lazima niwepo au awepo mtu mzima mwingine, vipande vyote viingie ndooni, na adhana ya alasiri ikiadhiniwa kila kitu kinawekwa chini. Tukakaa chini ya mnazi. Mtoto alichora mstari mmoja kuizunguka chupa, bila kurudia juu yake, kama nilivyokuwa nimesoma. Tukamwagia maji ya moto, kisha ya baridi, kisha ya moto. Ya kwanza ilikatika upogo. Ya pili ilipasuka. Ya tatu ilijiachia yenyewe kwa mlio mdogo, na kata yake ilikuwa sawa kabisa, naye akabaki ameishika vipande viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono ule, hasemi kitu.

Aliisugua mpaka karibu na alasiri. Mgeni mmoja aliyekuwa akipita kuelekea ufukweni alisimama, akaisifu, akauliza bei. Akataja dola 10. Mtoto akatikisa kichwa, akasema haiuzwi.

Dada yangu, aliyekuwa mlangoni pa jiko, alinitazama kama anayeuliza umeme wa mwezi huu atalipa nani. Ni swali la haki kabisa. Ninyi mnaopanga bajeti, mnaotoza kodi kwenye mahoteli, mnaonisoma mkiwa maofisini, ni swali lenu, na ni langu pia. Lakini si la kumwuliza mtoto wa miaka 11.